Mkutano wa Saa Tatu Unaoanza Saa Nne na Nusu: Namna ya Kupanga Siku

Tulipoanza kutayarisha somo hili juu ya matumizi ya wakati, tulitaka kusema habari za daftari, kalenda na saa ya mkononi. Lakini kuna jambo lililotokea kwetu, na tunaona vema kuanza nalo, hata kama halitupendezi.

Katika parokia yetu, hapa Kivu, kamati ya diakonia ilikuwa inakutana kila Jumatano saa tatu asubuhi. Saa tatu iliandikwa kwenye barua. Kwa kweli mkutano ulianza saa nne na nusu, na hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja aliacha kuja. Tulisema kati yetu kwamba imani yake imepoa, tukamwandika kwenye orodha ya watu wa kutembelewa. Wazee wawili walipofika kwake, aliwapokea vizuri, akawapa viti, kisha akawaeleza. Yeye anauza sambaza. Wavuvi wanavua usiku kwa taa, wanaleta samaki ufukweni kukipambazuka, na yeye hana barafu. Saa tatu anaweza kumwachia binti yake beseni kwa muda wa saa moja. Akikaa kanisani mpaka saa sita, samaki wameharibika, na pesa ya kununua wengine kesho haipo. Akamwambia mzee: "Baba, mkianza saa tatu nitakuja. Mkianza saa nne na nusu, watoto watakula nini?"

Wazee walirudi na habari hiyo, nasi tukafanya hesabu ambayo tulipaswa kuifanya zamani. Kamati ina watu 20. Kila mmoja akingoja saa moja na nusu, ni saa 30 zimepotea. Mtu anayefanya kazi saa 8 kwa siku atahitaji karibu siku 4 ili kuzirudisha. Kila Jumatano tuliwapokonya watu karibu siku 4 za kazi, kisha tukafungua mkutano kwa maombi.

Mtume Paulo, katika Waefeso 5, anawaagiza waamini juu ya wakati, na neno analotumia kwa Kiyunani ni neno la soko: kununua, kulipa bei ili kitu kiwe chako. Tulizoea kuhubiri andiko hilo kwa vijana wanaokaa barabarani bila kazi. Sasa tunaona linawahusu pia viongozi wanaochelewa, maana wakati wanaoutumia wamelipiwa na wengine.

Saa ya nani?

Sehemu nyingine ya machafuko yetu si uvivu, ni lugha. Kwa Kifaransa tunaandika 9h00, kwa Kiswahili tunasema saa tatu, na mara nyingine tangazo moja linachanganya yote mawili. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa akisikia "saa tano" anaweza kufikiri 5h00, na mama aliyesoma "11h00" anaweza kuja saa kumi na moja jioni akute mlango umefungwa. Watu wa Kiswahili tunahesabu kuanzia mapambazuko, na kwetu karibu na ikweta hesabu hiyo inafaa sana, kwa sababu mwaka mzima jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili. Biblia nayo inahesabu hivyo. Katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, wafanyakazi wanaitwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Msomaji wa Kiswahili haitaji maelezo: wa mwisho walibakiwa na saa moja tu kabla ya giza. Anayesoma kwa Kifaransa ndiye lazima afafanuliwe.

Na wenye mikutano ya simu na ndugu wa Kinshasa wakumbuke kwamba nchi yetu ina majira mawili. Kinshasa ikiwa saa tatu asubuhi, Bukavu, Goma na Lubumbashi ni saa nne. Basi tunaomba makatibu wote waandike hivi kwenye barua: saa tatu asubuhi (9h00), saa za Bukavu. Ni mstari mmoja, unaondoa maneno mengi.

Anza na mambo usiyoyatawala

Vitabu vingi vinavyofundisha kupanga siku vimeandikwa na watu ambao maji yanatoka bombani saa yoyote. Wanasema: chagua kazi yako kubwa, uiweke asubuhi. Kwetu asubuhi imekwisha chukuliwa. Maji yanakuja usiku au hayaji, umeme unarudi wakati wote mmelala, soko la jumla linaisha mapema, mvua inanyesha mchana, na mahali pengi si vizuri kuwa njiani baada ya giza. Kwa hiyo ushauri wetu ni kinyume kidogo. Chukua karatasi usiku, kabla ya kulala, uandike kwanza mambo yasiyokutii: maji, umeme, soko, saa ya watoto kwenda shule, saa ya kufika nyumbani. Ukiisha kuyaandika utaona nafasi zilizobaki. Labda ni mbili tu, ya saa moja na nusu kila moja. Hapo ndipo weka kazi inayohitaji akili: kutayarisha mahubiri, kuandika hesabu, kusoma. Usiweke mambo kumi. Weka mawili.

Acha pia nafasi wazi. Katika desturi zetu mgeni hafukuzwi, na kilio cha jirani hakingoji. Siku iliyojazwa mpaka pembeni inavunjwa na mgeni wa kwanza, halafu tunamkasirikia mgeni.

Karatasi hiyo iwe ya nyumba yote, si ya baba peke yake. Tunasema hili kwa sababu tumeona nyumba ambamo baba anafika kazini kwa wakati kila siku na anasifiwa kwa nidhamu yake, lakini nidhamu hiyo imebebwa na binti aliyeamka saa kumi usiku kwenda na bidoni mbili mtoni, aliyewasha makala kwenye mbabula, na aliyefika shuleni akiwa amechelewa. Mwalimu anamwadhibu binti. Hakuna anayemwuliza baba. Familia moja ya kwetu ilipoandika siku ya kila mtu kwenye karatasi moja, iliona kwamba kaka wawili wana nafasi jioni, nao wakapewa bidoni za jioni. Asubuhi ya binti ikafunguka. Hawakununua kitu chochote.

Kujua la kuacha

Watumishi wa Mungu wana ugonjwa wao wa pekee: kila anayebisha mlango wanamwona ametumwa na Bwana. Tusome Marko 1 kwa utulivu. Yesu ameponya wagonjwa mpaka usiku, mji wote umekusanyika mlangoni. Asubuhi, kungali giza, anaondoka peke yake kwenda kuomba. Wanafunzi wanamtafuta na kumwambia kwamba watu wote wanamwulizia. Yeye anajibu kwamba waende kwenye vijiji vingine, maana ndiyo kazi aliyoijia. Kulikuwa na wagonjwa waliobaki Kapernaumu siku ile. Maneno hayo ni magumu, nasi hatupendi kuyahubiri, lakini yameandikwa.

Musa naye, katika Kutoka 18, alikaa kuamua kesi za watu tangu asubuhi mpaka jioni, na watu wamesimama. Mkwe wake Yethro hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba atajichosha yeye pamoja na watu, achague viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, yeye abaki na mambo mazito. Angalieni kwamba Yethro aliwaona pia waliosimama kwenye foleni. Mchungaji anayeshika ufunguo wa kanisa, muhuri, kitabu cha hesabu na orodha ya ubatizo peke yake anafikiri anajitoa, kumbe watu wanapanga foleni mbele ya nyumba yake kwa ajili ya sahihi moja. Katibu angeitoa kwa dakika mbili.

Kuhusu simu tutasema kidogo. Kila mmoja wetu yumo katika makundi ya WhatsApp ya kwaya, ya parokia, ya familia, ya shule, na kila kundi lina mtu anayetuma ujumbe wa "amka ubarikiwe" saa kumi na moja alfajiri. Mmoja wa timu yetu aliandika kwenye daftari, kwa wiki moja, kila alichofanya na saa yake. Alidhani hana muda wa kusoma Neno kwa sababu ya kazi. Daftari lilimwonyesha simu, asubuhi na usiku. Sasa anaiacha chumba kingine mpaka atakapomaliza kusoma. Anasema siku tatu za kwanza mkono ulikuwa unaitafuta wenyewe.

Turudi kwa kamati yetu. Tuliuliza kila mjumbe, mmoja mmoja, saa gani inamfaa, jambo ambalo hatukuwahi kufanya tangu kamati ianze. Saa tatu ilibaki. Tuliamua kuanza hata tukiwa wanne, kumaliza saa nne kamili, na jambo lisilokwisha lipelekwe Jumatano ya pili. Jumatano ya kwanza tulikuwa watano, na mwenyekiti mwenyewe alifika tumekwisha omba. Aliketi nyuma. Jumatano ya tatu yule mama alirudi, akiwa bado amejifunga kitambaa cha kazi na mikono inanuka samaki, akaomba radhi kwa harufu. Alitoa ripoti ya wajane aliokuwa amewatembelea peke yake miezi yote ambayo tulisema imani yake imepoa. Saa nne aliaga.

Wiki iliyopita mvua ilitushika njiani, tukaanza tumechelewa dakika 20. Tulimaliza saa nne vilevile.