Awasse: kituo kimoja, wilaya tano gizani

Habari za Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hutufikia kwa vijiji vilivyochomwa na watu waliokimbia makwao. Stima haitajwi sana. Lakini mwaka 2020 wapiganaji wa huko, ambao wenyeji huwaita al-Shabaab ingawa si wale wa Somalia, walikiharibu kituo cha umeme cha Awasse. Wilaya tano zikabaki gizani: Mocímboa da Praia, Mueda, Muidumbe, Nangade na Palma.

Kwa nini Awasse, mahali padogo hivyo? Kwa sababu laini kubwa inayotoka kusini mwa mkoa huishia pale. Umeme wake hupunguzwa nguvu, kisha hugawiwa kwa nyaya ndogo zinazoelekea Mueda, Mocímboa na kwingineko. Hakuna laini ya pili inayoingia kwa upande mwingine. Aliyeshika Awasse ameshika swichi ya wote walio mbele yake.

Tena kuna tofauti ya kuangusha mnara na kuharibu kituo. Mnara ukianguka, mafundi wakipata ulinzi husimamisha nguzo za muda na kuunga nyaya katika siku chache. Transfoma kubwa ni jambo jengine. Ina uzito wa matani mengi, imejaa mafuta, huagizwa kiwandani ng'ambo na kungojewa miezi. Na fundi gani atakwenda kuifunga huku risasi zinalia? Awasse ilikombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji Julai 2021, karibu mwaka mzima baadaye.

Wapo wasemao hiyo ni vita na serikali. Haya, Maputo iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, na taa zake hazikuzimika. Aliyeumia ni mvuvi asiye na barafu, mama anayetegemea pampu ya maji, zahanati yenye friji ya chanjo, na kijana ambaye simu yake imezima asijue njia gani ni salama kukimbilia. Mocímboa na Palma ni miji ya Waislamu, Wamwani na wengineo, na Kiswahili chetu husikika huko. Wanaodai kuupigania Uislamu wamewazimia stima Waislamu. Sijaona bado aliyenieleza hilo kwa hoja.

Sisi nasi tujitazame. Al-Shabaab wa Somalia wamekwisha kulipua minara ya simu Mandera na Garissa, kwa hesabu ile ile. Na Lamu, iliyokuwa ikitegemea jenereta, sasa huletewa umeme na laini ndefu kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Ni neema, lakini Lamu ndiyo mwisho wa laini. Askari hawawezi kulinda kila mnara usiku kucha. Hospitali na pampu za maji zinaweza kuwekewa sola na betri zake zenyewe, na hilo ni swali la kumuuliza mwakilishi wa wadi bajeti ya kaunti inapojadiliwa.