Stima Nafuu, Mkopo Ghali

Anayetaka kununua gari la umeme Nairobi hana haja ya kuhofia stima. Kenya ina mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na mabwawa ya Mto Tana, na karibu asilimia 90 ya umeme wake haitokani na mafuta. Aprili 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ya nchi yamepungua, kabla ya kodi na tozo nyingine. Lakini mnunuzi hukwama kwenye meza ya afisa wa mikopo.

Chanzo chake ni namna gharama zilivyopangika. Mwenye gari la petroli hulinunua kwa bei ya wastani, kisha hulipia mafuta kidogo kidogo kwa miaka yote atakayoliendesha. Mwenye gari la umeme hulipia betri, kifaa ghali kuliko vyote, siku ileile ya kwanza, kama mtu aliyenunua mafuta ya miaka minane kwa mkupuo. Akiba yake huja baadaye, shilingi chache kwa kila kilomita. Mikopo ya magari tuliyonayo iliundwa kwa ajili ya petroli: malipo makubwa ya kwanza, miaka mitatu au minne ya kurejesha, na benki kushikilia logibuku ikijua kwamba mkopaji akishindwa, gari litapata mteja mnadani. Lakini gari la umeme lenye betri ambayo hakuna aliyeipima litauzwa kwa bei gani mnadani? Afisa hajui, na benki isichokijua hukitoza.

Jambo hili lilitatuliwa mapema kwenye mabasi. Machi 2022 kampuni ya BasiGo iliweka barabarani Nairobi mabasi ya majaribio ya viti 25 yaliyoundwa na BYD ya China. Mpango iliowapa wenye matatu ulikuwa mwepesi kueleweka. Basi bila betri lingeuzwa shilingi milioni 5, kiasi ambacho sekta hii imekizoea. Betri ingebaki mali ya kampuni, na mwenye basi angelipa shilingi 20 kwa kila kilomita anayotembea, humo mkiwa na betri yenyewe, kuchaji na matengenezo. Basi likilala gereji, hakuna deni la kilomita. Likifanya kazi, malipo yanatoka kwenye fedha ambazo zamani zingekwenda kwenye dizeli. Hatari ya betri kuchoka haimwangukii tena mwenye matatu wala benki yake. Imebebwa na kampuni inayoifahamu betri hiyo.

Bodaboda zimepita njia hiyohiyo. Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019 kwa pikipiki zinazobadilishiwa betri kituoni: dereva anaacha iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Nairobi kuna Spiro na Roam, na wakopeshaji kama M-KOPA, iliyoanza na taa za sola, hukusanya marejesho ya kila siku kwa simu. Rejesho la siku linafuata pato la siku. Mtu asiye na hati ya mshahara anakopesheka kwa sababu mkopeshaji anaona kazi yake ikiendelea.

Katikati ya basi na pikipiki kuna gari dogo la kawaida, na hapo ndipo pengo lilipo. Mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa Gikomba au dereva wa teksi akiuliza mkopo wa gari la umeme, mara nyingi hupewa fomu ileile ya gari la petroli.

Tupige hesabu ya mfano. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita, petroli ikiwa shilingi 180, linakula shilingi 15 kwa kilomita. La umeme linalotumia yuniti 16 kwa kilomita 100, likichajiwa nyumbani kwa bei ya kawaida, tuseme shilingi 30 kwa yuniti, linakula kama shilingi 5. Tofauti ni shilingi 10. Sasa tuseme gari la umeme limezidi lile la petroli kwa shilingi 600,000, na kiasi hicho kimekopwa. Je, mwenye gari atembee kilomita ngapi kwa mwezi ili akiba ya mafuta ilipe rejesho la ziada?

Benki ikitoza asilimia 15 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, kwa miezi 48, rejesho ni kama shilingi 16,700. Atahitaji kilomita 1,670. Sacco ikitoza asilimia 12 kwa miezi 60, rejesho linashuka hadi shilingi 13,350, nazo kilomita zinashuka hadi 1,335. Jumla ya riba katika mikopo hii miwili inakaribiana mno, kama shilingi 200,000 kila mmoja, ingawa wa Sacco umechukua mwaka mzima zaidi. Kisha kuna mkopeshaji wa tatu, anayetangaza asilimia 15 ileile lakini akiihesabu juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujali umeshalipa kiasi gani. Kwa miezi 48 riba yake inafika shilingi 360,000, rejesho shilingi 20,000, na kilomita 2,000. Gari ni lilelile, barabara ni ileile. Kinachoamua kama linalipa ni karatasi uliyotia sahihi, na swali la kwanza kumwuliza mkopeshaji yeyote ni kama riba yake inafuata salio.

Ndiyo maana naipa Sacco nafasi ya kwanza kwa mwenye mshahara. Mkopo wa kawaida wa Sacco nyingi ni mara tatu ya akiba ya mwanachama, riba ikiwa karibu asilimia 1 kwa mwezi. Ugumu wake ni akiba yenyewe na wadhamini: anayetaka milioni 2.4 awe ameshaweka 800,000, na awe na wenzake walio tayari kufunga akiba zao kwa ajili yake. Ni mlango mwembamba. Upande wa benki hali imelegea kiasi. Benki Kuu iliyopandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 Februari 2024 ilikuwa imeishusha hadi 9.25 kufikia Oktoba 2025. Aliyekataa mkopo wa benki mwaka 2024 kwa sababu ya bei ana haki ya kurudi kuuliza tena.

Wengi, hata hivyo, hawatanunua gari jipya kabisa. Watanunua Nissan Leaf iliyotumika Japani, ambayo sheria ya Kenya inataka isizidi miaka minane. Humo mna hatari isiyoandikwa kwenye mkopo. Betri ya Leaf hupozwa kwa hewa tu, na joto huichosha. Dashibodi yake ina vijiti 12 vya kuonyesha uwezo uliobaki wa betri, na kila kimoja kinachopotea ni kilomita zinazopotea. Watengenezaji wengi hudhamini betri kwa miaka minane au kilomita 160,000, lakini usidhani dhamana ya Japani itavuka bahari pamoja na gari. Leaf hizi pia huchajiwa haraka kwa plagi ya CHAdeMO, ambayo si kila kituo kinayo. Hakiki hayo kabla ya kutoa malipo ya kwanza, maana rejesho halipungui betri inapopungua.

Mkono wa serikali upo, ila umegawanyika. Sheria ya fedha ya 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10. Ile ya 2023 ikaondoa VAT kwenye mabasi na pikipiki za umeme pamoja na betri za lithiamu, bali gari dogo likaachwa nje. Rwanda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021: iliondoa kwa magari ya umeme VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kila shilingi ya kodi iliyomo kwenye bei hukopwa na kulipiwa riba, kwa hiyo msamaha wa kodi ni msamaha wa riba pia.

Ufaransa ilijaribu jambo ambalo lingefaa kuangaliwa kwa makini. Januari 2024 ilifungua mpango wa kukodisha magari ya umeme kwa muda mrefu, kuanzia yuro 100 kwa mwezi au hata chini yake, kwa watu wa kipato kidogo wanaoendesha mbali kwenda kazini. Nafasi zilijaa katika wiki chache, na kufikia katikati ya Februari mpango ulisimamishwa baada ya magari 50,000. Hatuna hazina ya Ufaransa. Lakini kigezo chao kinaigika bila gharama kubwa: waliwatanguliza watu wenye kilomita nyingi.

Hapa kwetu mwenye kilomita nyingi ni dereva wa teksi. Akitembea kilomita 4,000 kwa mwezi, kwa hesabu ile ya juu anaokoa shilingi 40,000, kiasi kinachoweza kubeba hata mkopo mbaya. Na yeye ndiye asiye na hati ya mshahara, asiye na wadhamini, na mara nyingi anayeendesha gari la mtu mwingine kwa malipo ya wiki. Huduma ya teksi ya NopeaRide ilijaribu kuwahudumia madereva hawa Nairobi kuanzia 2018 kwa magari ya umeme yaliyokuwa mali ya kampuni. Wateja waliyapenda. Mwisho wa 2022 kampuni mama nchini Finland ilipoishiwa na fedha, huduma ilizimika na madereva wakabaki bila magari, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akijilipia lake.

Naamini kilichokosekana ni mkopo wa dereva mwenyewe uliojengwa kama wa bodaboda: marejesho ya kila siku kwa simu, betri iliyopimwa na kupewa cheti kabla ya fedha kutoka, na miaka mitano ya kulipa. Sacco za usafiri zinaweza kuuanzisha bila kusubiri bajeti ya Juni. Zinajua nani anafanya kazi na nani amelaza gari, jambo ambalo benki hulikisia tu. Mikutano mikuu ya Sacco hufanyika katika miezi minne ya mwanzo ya mwaka, na ajenda hufungwa mapema. Mwanachama anayeutaka mkopo huu apeleke hoja yake kwa katibu ikiwa imeandikwa, na aambatishe hesabu ya kilomita zake za mwezi.