Cheti cha hesabu: shule inafundisha, taasisi inatahini

Wengi wananiuliza: mtoto amemaliza Senior Six, pesa ya chuo kikuu hakuna, sasa afanye nini? Njia moja ni diploma ya fundi wa uhasibu, ile inayoitwa ATD. Mitihani yake inatolewa na ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Ofisi yao iko Kampala, Kololo, barabara ya Bukoto.

Fundi wa uhasibu anafanya kazi gani? Twende Kalerwe, lile soko la barabara ya Gayaza, ambako baadhi ya ndugu zetu wanauza matoke. Tuseme mama mmoja ananunua mikungu 20 kwa shilingi 15,000 kila mmoja, jumla 300,000. Usafiri ni 20,000. Anauza mikungu 17 kwa 20,000 kila mmoja, mitatu inaoza. Kati ya ile 17, miwili amekopesha. Jioni anahesabu pesa: 300,000. Alitoka na 320,000, kwa hiyo analia hasara. Lakini daftari likiandikwa vizuri linasema mauzo ni 340,000, faida ni 20,000, na 40,000 ziko kwa wadaiwa. Wadaiwa wakikimbia, ndiyo hasara ya kweli. Kujua tofauti hiyo, na kuionyesha kwa karatasi ili mwenye duka, benki au mtu wa kodi aiamini, ndiyo kazi yenyewe. Mama zetu wengi wanaijua kichwani, ila kichwa hakiwezi kupelekwa benki!

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo pesa za familia zinapotea. Shule ya kulipia inafundisha tu. Diploma inatoka kwa taasisi, baada ya mwanafunzi kuandikishwa huko na kufaulu mitihani yao. Kijana anaweza kukaa darasani miaka miwili, akapewa cheti kizuri chenye muhuri wa shule, na bado asiwe na ATD. Kabla ya kulipa karo, ulizeni: mtoto ameandikishwa ICPAU? Namba yake iko wapi? Shule ikizungukazunguka, ondokeni.

Tena, diploma hii haimfanyi mtu kuwa mkaguzi wa hesabu. Huyo anahitaji CPA, halafu kibali cha kufanya kazi hiyo. Lakini mwenye ATD anaweza kuendelea mpaka CPA.

Na sisi wakimbizi? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Kikwazo kinachotangulia mara nyingi ni karatasi. Aliyesoma Kongo akapata Diplôme d'État lazima apeleke cheti UNEB, waseme kinalingana na kiwango gani cha Uganda. Kikiwa kwa Kifaransa, kinatakiwa kitafsiriwe kwa Kiingereza na tafsiri ithibitishwe. Hiyo inachukua muda, msingoje wiki ya mwisho ya kuandikisha. Mitihani yenyewe ni ya Kiingereza, na kusema kweli hapo ndipo vijana wetu wazuri wa hesabu wanakwama, si kwenye namba.

Wenye vyeti vya Kifaransa waleteni kopi shuleni, siyo orijino. Tutazisoma pamoja kabla hamjalipa nauli ya Kampala.