Desemba Kazini: Ujumbe Sio Pesa, Angalia Salio

Kuanzia Black Friday mwishoni mwa Novemba hadi mkesha wa Mwaka Mpya, kazi huwa mbio mbio. Duka limejaa, simu zinalia, na kila mteja anataka kuhudumiwa haraka awahi gari la ushago kabla nauli haijapanda. Matapeli wanaupenda sana msimu huu kwa sababu moja: mtu mwenye haraka hahakikishi.

Wengi wetu tunadhani usalama wa mitandao ni kazi ya watu wa kompyuta. Lakini wizi mwingi hauhitaji kompyuta kuvunjwa. Unahitaji tu mtu mmoja, kwenye kaunta au ofisi ya uhasibu, aamini ujumbe.

Kwenye kaunta

Mteja anachukua bidhaa za Ksh 8,500. Anakuonyesha simu yake: "Si unaona imeenda?" Picha ya skrini inaweza kuhaririwa, au ikawa ya malipo ya jana. Hata SMS iliyoingia kwenye simu ya duka inaweza kuwa imeandikwa na mtu yeyote, ikiwa na kiasi, saa na jina kama ile halisi.

Kwa hivyo usimalizie kwenye ujumbe, angalia salio. Kama Till ilikuwa na Ksh 12,000, sasa inafaa kusoma karibu Ksh 20,500. Ikiwa bado inasoma 12,000, mzigo ubaki kaunta. Huhitaji kumwita mtu mwizi. Mwambie tu, "Samahani mteja wangu, bado haijaingia kwetu, tungoje kidogo." Mteja wa kweli atangoja, kwa sababu wakati mwingine mtandao huchelewa kweli.

Ujanja mwingine ni wa simu: "Nimetuma kwenu kimakosa, tafadhali nirudishie, mtoto ni mgonjwa." Usimtumie pesa mwenyewe. Mwelekeze kwa huduma kwa wateja ya kampuni aliyotumia kulipa ili malipo yarudishwe kwa njia rasmi. Kama hakutuma chochote, hatapiga huko.

Kwenye ofisi

Mhasibu anapata ujumbe wa WhatsApp kutoka nambari ngeni yenye picha ya bosi: "Niko kwenye mkutano, siwezi kushika simu. Lipa msambazaji Ksh 45,000 sasa hivi, nitakueleza baadaye." Au barua pepe inasema msambazaji wa kawaida amebadilisha Paybill.

Kanuni hapa ni rahisi: usihakikishe ujumbe kwa kuujibu huo huo ujumbe. Piga nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, au tembea hadi mlangoni kwake. Halafu kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina la biashara linalojitokeza kwenye skrini. Kama hulitambui, simamisha. Bosi naye atangaze mapema kwamba hakuna atakayegombezwa kwa kumpigia simu kuuliza, hata akiwa mkutanoni.

Wengine hununua zawadi kwa kompyuta ya ofisi wakati wa lanchi. Ukipata SMS kwamba mzigo wako umekwama na ulipe Ksh 50 kupitia linki fulani, usiibonyeze. Fungua mwenyewe programu au tovuti uliyonunulia. Na usitumie neno la siri la ofisini kujisajili kwenye duka la mtandaoni. Likiibwa huko, mlango wa ofisi pia umefunguliwa.

Wafanyakazi wa msimu

Desemba maduka mengi huongeza watu wa kusaidia. Mara nyingi kila mtu hupewa PIN moja ya simu ya duka, na pesa zikipotea hakuna anayejua nani alifanya nini. Kama huduma yako inaruhusu kusajili wasaidizi, kila mmoja awe na PIN yake, na aondolewe siku anayomaliza kazi. Kama hairuhusu, mpe simu ya kuonea malipo yanayoingia lakini PIN ya kutoa pesa ibaki kwako. Ukishaishiriki, ibadilishe.

Na ikishatokea?

Piga huduma kwa wateja mara moja, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzipata. Usifute ujumbe wala historia ya simu. Andika saa, kiasi na nambari iliyotumika, kisha ripoti kituo cha polisi. Utapeli wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018.

Kwa wenye biashara, kuna jambo moja zaidi. Mfanyakazi anayejua atakatwa mshahara hatasema alichodanganywa. Atanyamaza, atafute jinsi ya kujaza pengo, na saa ambayo pesa zingeweza kuzuiliwa itapita. Mwambie leo kwamba anayeripoti haraka anasaidia duka.

Kesho kabla ya kufungua, chukueni dakika tano pamoja. Kubalianeni nani anaangalia salio, nani anapigiwa simu malipo makubwa yakiombwa, na nambari ya huduma kwa wateja ibandikwe karibu na kaunta. Na kumbuka: hatutawahi kukupigia kukuuliza PIN yako. Anayeuliza, mkatie simu.