Kisanduku Kinachoandika Maziwa Yetu: Kwa Nini Rekodi Hupotea?

Mara hii tunataka kuzungumza juu ya vile visanduku vidogo vinavyoandika hesabu zetu wenyewe: mizani ya maziwa, kipimo cha mvua, kidhibiti cha pampu ya sola. Vikundi vingi vinavyo sasa. Lakini ni wachache wetu wanaojua kisanduku kinaandikaje, na kwa kutojua tumeanza kushukiana bure.

Tunakijua kikundi kimoja cha wafugaji chenye wanachama 40. Walichanga pesa wakanunua mizani ya betri yenye kadi ya memori. Jumatatu mpaka Jumamosi taa ya kijani iliwaka kila mtu alipomimina maziwa yake, basi kila mtu akaenda nyumbani ameridhika. Jumamosi adhuhuri katibu alichomoa kadi akaipeleka sokoni kwa mwenye kompyuta. Faili lilikuwepo, jina lake lilikuwepo, lakini ukubwa wake ulikuwa sifuri. Maziwa ya siku 6, na hakuna hata lita moja!

Mkutano wa Jumatatu haukuwa mzuri. Wengine walisema katibu amefuta ili aandike lita zake mwenyewe. Mama yule alilia. Kumbe hakuwa na kosa, na tutaeleza kwa nini.

Kadi ni ghala, si daftari

Daftari lina kurasa zinazofuatana, nawe unaandika unapoachia. Kadi ya memori haiko hivyo. Ifikirie kama ghala kubwa lenye vyumba vidogo vidogo vyenye namba, na mlangoni kuna rejista mbili.

Rejista ya kwanza ni ya majina. Inasema faili fulani linaitwaje, lina ukubwa gani, na linaanzia chumba gani. Rejista ya pili ni jedwali la vyumba. Inasema ukitoka chumba hiki uende kipi, na chumba kipi kiko wazi.

Mpango huu wa rejista mbili ndio unaoitwa FAT. Ulianzishwa mwaka 1977 na Marc McDonald wa kampuni ya Microsoft, na ile aina iitwayo FAT32 ilitoka mwaka 1996. Ni wa zamani, lakini bado unatumika kwenye kadi nyingi kwa sababu ni mwepesi na karibu kila kompyuta inauelewa.

Jaribuni wenyewe mkutanoni

Chukueni vipande 8 vya karatasi, mviandike namba 2 hadi 9. (Katika FAT vyumba vya kuwekea mali huanza kuhesabiwa kwa 2.) Vipangeni mezani. Kisha andikeni rejista ya majina hivi:

MAZIWA – anzia chumba cha 3
MADENI – anzia chumba cha 5

Na jedwali la vyumba hivi:

3 nenda 4; 4 nenda 7; 7 mwisho.
5 nenda 6, 6 mwisho.
2, 8 na 9 viko wazi.

Sasa mwambieni mtu mmoja asome faili la maziwa. Ataanza 3, aende 4, aruke mpaka 7, asimame. Kwa nini aliruka? Kwa sababu maziwa yalipohitaji chumba zaidi, 5 na 6 vilikuwa vimeshachukuliwa na madeni. Hakuna ubaya, mradi rejista iko sawa.

Halafu ifuteni ile rejista ya majina. Karatasi zote bado ziko mezani, hakuna iliyoibiwa, lakini msomaji hajui aanzie wapi. Hilo ndilo jambo kubwa la kukumbuka: mali inaweza kuwa ndani ya ghala, na bado ikawa imepotea.

Dirisha la maombi

Je, mizani inajua habari za vyumba? Hapana. Fundi aliyeandika programu ya mizani hakutaka kila saa kuhesabu vyumba. Aliweka karani katikati, naye huyo karani ni programu ndogo inayokaa kwenye dirisha kama la posta. Wewe hupiti ndani. Unasimama dirishani unaomba. Na maombi yenyewe si mengi:

1. Fungua faili hili.
2. Soma.
3. Andika haya.
4. Hifadhi sasa hivi, rekebisha na rejista.
5. Funga, nimemaliza.

Basi, karibu yote ni hayo. Programu moja ya karani kama huyo inayotumika sana kwenye vifaa vidogo inaitwa FatFs. Iliandikwa na mtu wa Japani anayejiita ChaN, ikatolewa bure kuanzia mwaka 2006. Fundi akitumia dirisha hilo, anaweza kubadilisha kadi au kisanduku bila kuandika programu yote upya.

Karani ana kiganja kidogo

Hapa ndipo shida inapoanza. Kisanduku si kompyuta ya mezani. Chipu iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno, kwa mfano, ina nafasi ya kufanyia kazi ya baiti 2,048 tu. Simu yenye gigabaiti 4 inaizidi zaidi ya mara milioni 2. Nayo kadi inapokea mzigo kwa mafungu ya baiti 512, haipokei herufi mojamoja. Fungu moja peke yake ni robo ya nafasi yote ya chipu ile.

Kwa hiyo karani anafanyaje? Anaandika kwanza kiganjani. Tuseme mstari wa mwanachama mmoja ni huu:

017 14/03 06:25 4.5

Ukihesabu herufi, nafasi na alama ya mwisho wa mstari, ni baiti 20. Mistari 25 ni baiti 500. Ina maana kiganja kinajaa pale mtu wa 26 anapomimina maziwa, na hapo tu ndipo karani anaingia ghalani kuweka fungu. Na rejista ya majina, ile inayosema faili lina ukubwa gani, hairekebishi mpaka aambiwe “hifadhi” au “funga”.

Si uvivu. Kila safari ya ghalani inakula betri, na kadi yenyewe huchakaa ikiandikwa mahali pamoja mara nyingi mno.

Nini kilimpata yule katibu?

Mizani ya kikundi kile ilifungua faili Jumatatu asubuhi. Programu yake ilikuwa imeandikwa ifunge faili pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha kuzima. Hakuna aliyewaambia. Kila jioni waliiacha kwenye chaja ikiwaka. Kwa hiyo wiki nzima karani aliingiza mafungu ghalani, lakini kwenye rejista ya majina aliacha pale pale alipoandika Jumatatu: ukubwa sifuri. Taa ya kijani ilimaanisha “nimesikia”. Haikumaanisha “nimehifadhi”.

Tulimpata fundi mwenye programu ya kusoma vyumba moja kwa moja bila kupitia rejista. Wanachama 40 kwa siku 6 ni mistari 240, yaani baiti 4,800. Alipata mafungu 9 yaliyojaa, baiti 4,608, nayo yalikuwa na mistari 230 kamili. Mistari 10 ya mwisho ilikuwa bado kiganjani kadi ilipochomolewa, nayo ilikwenda na upepo. Walikuwa watu 10 waliofika mwisho Jumamosi. Kikundi kilikubaliana walipwe kwa kipimo chao cha Ijumaa. Na katibu aliombwa msamaha mbele ya wote, jambo ambalo lilitufurahisha kuliko zile lita.

Walibahatika pia kwa jambo lingine: hakuna aliyeandika kitu kingine kwenye ile kadi. Kwa rejista vyumba vile vilionekana wazi, na nyimbo mbili tu zingetosha kuvijaza.

Njia nyingine ipo

Mwaka 2017 kampuni ya Arm ilitoa karani mwingine aitwaye littlefs, aliyetengenezwa makusudi kwa vifaa ambavyo stima yake hukatika bila taarifa. Yeye hafuti juu ya ukurasa wa zamani. Anaandika ukurasa mpya pembeni, na ukishakamilika ndipo anageuza rejista ielekee huko. Stima ikipotea katikati, ukurasa wa zamani bado upo mzima. Tena anagawa kazi kwa vyumba vyote ili kimoja kisichakae haraka.

Lakini hata yeye, kilicho kiganjani bila kuhifadhiwa kitapotea. Na kompyuta ya sokoni kwa kawaida haimwelewi, lazima data itolewe kwa waya au kwa programu maalum. FAT inasomeka kila mahali lakini inaumia stima ikikatika. Kila kikundi kichague kikijua.

Mambo ya kufanya

1. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji: rekodi inahifadhiwa lini? Baada ya kila mtu, au mpaka kuzima? Fundi wako akitumia FatFs, mwambie aite f_sync baada ya kila mwanachama. Kwa watu 40 kwa siku, kadi haitachakaa kwa hilo.
2. Jaribuni kabla ya kutegemea. Pimeni maji ndoo 5, mchomoe betri ghafla, mkaone kwenye kompyuta zimebaki ngapi.
3. Zimeni kwa kitufe kabla ya kuchomoa kadi. Siku zote.
4. Kadi ya kikundi isitumiwe kwa nyimbo wala picha.
5. Rekodi ikipotea, msiandike chochote tena kwenye kadi wala msikubali kuifomati. Itoeni, iwekeni kwenye bahasha, mtafute fundi. Kufuta hubadilisha rejista tu. Mali hubaki chumbani mpaka iandikwe juu.
6. Kwa sababu hiyo hiyo, msiuze kadi au simu ya kikundi mkidhani kufuta kunatosha. Mwenye ujuzi anaweza kusoma madeni yenu.
7. Daftari la karatasi liendelee. Kila mwanachama awe na kitabu chake kidogo, na lita zisomwe kwa sauti.

Maswali ya kujadili kikundini

– Kifaa chetu kina taa gani, na kila taa inamaanisha nini hasa?
– Ni nani anayeruhusiwa kuchomoa kadi, na mbele ya nani?
– Rekodi ikipotea kesho, tutamlaumu nani kabla ya kuuliza? Je, hiyo ni haki?