Maana ya Kivumishi "Rasmi" katika Ibara ya 6 ya Katiba ya Uganda

Kivumishi cha Kiingereza "official" kinatokana na neno la Kilatini "officium", yaani wajibu au utumishi. Shina hilohilo ndilo asili ya "ofisi" na "afisa", maneno yaliyoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza. Kivumishi chenyewe hakikukopwa huko. Kiswahili kilichukua "rasmi" kutoka Kiarabu, ambako "rasm" ni mchoro au alama. Kisarufi, neno hili halipokei viambishi vya upatanisho (lugha rasmi, viwango rasmi), na hutumika pia kama kielezi: "alitangaza rasmi". Kwa asili yake, basi, neno la Kiingereza huelekeza kwenye wajibu, na la Kiswahili kwenye alama.

Tofauti hiyo inaangaza hali ya Kiswahili nchini Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Katiba ya 1995 ilitaja lugha rasmi moja tu, Kiingereza. Marekebisho ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Ibara hiyohiyo inaruhusu lugha nyingine yoyote itumike katika elimu, utungaji wa sheria, utawala na mahakama, kama sheria itakavyoelekeza. Kwa hiyo, pasipo sheria ya Bunge, Kiswahili kinaitangulia Luganda au Kiacholi kwa cheo, si kwa matumizi yanayoweza kudaiwa.

Kenya, katika Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, ilivitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi bila sharti la namna hiyo. Tanzania, mwaka 2021, ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia utekelezaji wa agizo la wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki la 2021, na kupendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo ni wa kisera. Katiba inadai sheria. Sheria hiyo haitatosha ikirudia tu neno "rasmi". Itapaswa kubainisha shughuli zitakazoendeshwa kwa Kiswahili, ofisi itakayozisimamia, na afisa atakayewajibika zisipofanyika.