Umeme umefika: tununue mota gani kwa kinu chetu?

Pale laini ya umeme imefika, kama vile Rutshuru tangu kituo cha Matebe kilipofunguliwa mwaka 2015, swali linatoka katika kila mukutano wa koperative: tuache mazutu? Na kama tunaacha, tununue mota ya namna gani?

Kwanza hesabu. Mota ya 7,5 kW, ndiyo farasi 10, ikifanya kazi kwa nguvu yake yote inakula karibu kilowati-saa 8,5 kwa saa moja. Injini ya mazutu inakula karibu lita 3 kwa kazi ile ile. Mweka hazina azidishe kwa bei za kwenu, mbele ya memba wote, kabla ya kwenda kwa muuzaji yeyote.

Musitafute farasi sawa na zile za injini ya zamani. Kinu kilichokuwa na injini ya farasi 15, mara nyingi mota ya 10 inakitosha. Lakini muangalie mlima: nguvu iliyoandikwa kwenye kibao cha mota imehesabiwa mpaka mita 1.000 juu ya bahari. Kule Butembo na Lubero hewa ni nyepesi, haipozi mota vizuri. Kama hesabu yenu iko kwenye mpaka, chukueni saizi inayofuata.

Sasa kibao chenyewe, maana hapa ndipo mchango wa memba unaweza kuungua kwa siku moja. Mota kubwa zinataka fazi tatu. Kati ya fazi na fazi muko na volti karibu 400. Kama kibao kinasema 230/400, mota hiyo inafungwa kwa nyota tu. Kama kinasema 400/690, inafungwa kwa pembetatu, na inaweza kuanzishwa kwa nyota kisha kuhamia pembetatu. Fundi akiweka kianzishi cha nyota-pembetatu kwenye mota ya 230/400, itaanza vizuri kabisa, kisha ikihamia pembetatu nyaya za ndani zinaungua. Hakuna muuzaji atakayerudisha pesa.

Kwa nini basi kianzishi hicho? Mota ya 7,5 kW inatumia karibu ampea 15 ikiwa kazini, lakini ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara sita au zaidi. Taa za jirani zinafifia, na fyuzi inakatika. Kwa nyota inavuta theluthi moja tu. Nguvu ya kuzungusha nayo inashuka mpaka theluthi, kwa hiyo kinu kianze kikiwa kitupu. Mahindi yamwagwe baadaye.

Njia nyingine ni variateri, kisanduku kinachoongeza mwendo wa mota polepole. Bei yake iko juu, na unga ni adui yake. Kiwekwe chumba kingine. Kwa kinu cha mwendo mmoja, mimi ningebaki na nyota-pembetatu, isipokuwa laini yenu ni dhaifu sana. Ila kama muko na fazi moja tu, variateri ndogo inapokea 220 na kutoa fazi tatu za 220. Hapo mota ya 230/400 njo inafaa, ikifungwa kwa pembetatu. Variateri hizo za kawaida zinaishia 2,2 kW, basi ni kwa kinu kidogo.

Mukionyeshwa mota ya servo, mukatae. Hiyo inajua kusimama mahali kamili, inafaa mashine zinazokata mbao au chuma kwa kompyuta. Kinu kinazunguka tu.

Inabaki puli. Mota nyingi zinazunguka karibu mara 1.450 kwa dakika. Kama kinu cha nyundo kinataka 2.900, puli ya mota iwe na upana mara mbili ya ile ya kinu. Mukigeuza, kinu kitazunguka kwa robo ya mwendo na hakitasaga kitu. Musipitishe mwendo ulioandikwa kwenye kinu: nyundo ikikatika inatoka kama risasi.

Kabla ya kulipa, fundi anakili kibao chote kwa daftari: kW, volti, mizunguko, na alama ya IP. Kwa chumba chenye unga ombeni IP55. Iliyo wazi inajaa vumbi, inapata joto, na inaungua hata kama mulifunga nyaya sawasawa.